Vishoka wa kodi wapo London pia



Leo naomba nizungumzie jambo ambalo wengi wetu huku tunalifanya kila Januari bila kulisema hadharani: nani anatujazia kodi. Tukikutana msibani au harusini tunajadili katiba, uchaguzi na uraia pacha mpaka usiku wa manane, na ni haki yetu. Lakini fomu ya kodi inayobeba jina lako, sahihi yako na hatima ya makaratasi yako, tunampelekea mtu yeyote aliyesifiwa na shemeji.

Mimi ni muuguzi. Nilisoma shahada yangu Muhimbili, nikafanya kazi nyumbani miaka kadhaa, nikaja huku mwishoni mwa 2020. Tunaishi Rayners Lane, kaskazini magharibi mwa London, mimi na mume wangu na watoto wawili. Kabla sijaruhusiwa kumgusa mgonjwa kama muuguzi hapa Uingereza, nilifanya mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo. Ndipo Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, likanipa namba. Ada ya kubaki kwenye daftari lao ilipandishwa kuwa pauni 120 kwa mwaka tangu 2015. Kila baada ya miaka mitatu lazima nionyeshe saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza. Mgonjwa yeyote akitaka kujua kama kweli mimi ni muuguzi, anaingiza jina langu kwenye daftari hilo na anapata jibu palepale.

Mume wangu ni dereva wa magari ya kukodi. Hawezi kubeba abiria bila leseni ya Mamlaka ya Usafiri ya London, na kuipata ni kuchunguzwa jinai, afya na Kiingereza. Mdogo wangu wa kiume analinda mlango wa supamaketi. Bila leseni ya SIA, hiyo kazi ya kusimama tu mlangoni haipati.

Kwa hiyo nyumba yetu nzima ina leseni. Aliyekuwa hana leseni ni mmoja tu: yule aliyekuwa anatujazia kodi.

Alikuwa mwenzetu wa Afrika Mashariki, na jina lake nalihifadhi. Alikuwa na meza na printa nyuma ya duka la kutuma fedha, na kwenye kioo aliandika kwa herufi kubwa kwamba yeye ni mhasibu. Alikuwa mcheshi, anaongea Kiswahili kizuri, na wazee wetu walikuwa wanamwombea dua. Alichukua pauni 150. Ofisi ya wahasibu wenye vyeti niliyoipigia simu iliniambia 450, na kodi ya VAT juu yake. Nyinyi mngekwenda wapi?

Januari 2023 akamjazia mume wangu ritani ya mwaka wa kodi 2021/22. Mapato yalikuwa kama pauni 33,000. Sasa dereva aliyejiajiri ana njia mbili za kukata gharama za gari. Ama anahesabu maili za kazi, na kwa mwaka ule ilikuwa senti 45 kwa kila maili katika maili 10,000 za kwanza na senti 25 kwa zinazozidi. Ama anakusanya risiti za mafuta, bima na matengenezo. Anachagua njia moja. Huyu bwana alitumia zote mbili. Akaweka maili 24,000, ambazo zinatoa pauni 8,000, kisha juu yake akaongeza pauni 6,400 za mafuta, bima na matengenezo ya gari lilelile.

Mume wangu akaonyeshwa tarakimu ya mwisho, akafurahi, akaniita nami nikaitazama. Tukasaini.

Desemba 2023 ikaja bahasha ya kahawia kutoka HMRC, yaani mamlaka ya mapato ya hapa. Walitaka maelezo ya gharama za gari. Mwisho wa maelezo, deni la kodi na bima ya taifa lilikuwa pauni 1,856. Adhabu ya uzembe ilikuwa asilimia 15 ya deni, yaani pauni 278. Na riba juu. Tulilipa kwa mafungu ya mwezi, na safari ya kwenda Tanga kumwona mama mwaka ule tukaiahirisha.

Nilipokwenda kumtafuta mhasibu wetu, meza ilikuwa imeondolewa na mahali pake paliwekwa mtu wa kutengeneza simu. Nikauliza, je, nimshtaki wapi? Jibu ndilo lililonifanya niandike haya. Hakuna chama alichokuwa mwanachama wake, kwa hiyo hakuna chama cha kumfukuza. Hakuna daftari lenye jina lake, kwa hiyo hakuna wa kulifuta. Ningeweza kwenda mahakama ya madai kudai hasara yangu, kama ningejua anakoishi. Kwa mamlaka ya kodi, mwenye ritani ni aliyesaini. Na aliyesaini ni mume wangu.

Nilichoogopa zaidi hakikuwa fedha. Tulikuwa tunahesabu miezi ya kuomba makazi ya kudumu, na wanaokaa huku wanajua yaliyowapata watu wa viza za wataalamu, ile iliyoitwa Tier 1. Walikuwa wahandisi, walimu na watu wa kompyuta, wengi kutoka India, Pakistan na Nigeria. Home Office ililinganisha mapato waliyoyataja kwenye maombi ya viza na yale yaliyokuwa kwenye ritani zao. Zilipotofautiana wakaambiwa si waaminifu, wakanyimwa makazi chini ya kifungu cha 322(5), kifungu ambacho kilifahamika zaidi kwa wahalifu na watu hatari kwa usalama. Wengi wao walijitetea kwamba makosa yalikuwa ya mhasibu. Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Balajigari, ilisema utaratibu ule ulikuwa na kasoro: tofauti ya hesabu peke yake si ushahidi wa udanganyifu, na mtu apewe nafasi ya kujieleza kwanza. Lakini kufika Aprili 2019 kuna waliokwisha kupoteza kazi, nyumba na miaka.

Hivyo mkisikia mtu anasema "ni fomu tu," mwambieni si fomu tu. Sisi tulijieleza, tulilipa, na makazi tuliyapata. Lakini mpaka barua ile ilipofika sikulala vizuri hata siku moja.

Sasa tujiulize. Inakuwaje nchi hii, inayodai leseni kwa mlinzi wa mlango, haikudai leseni kwa mtu anayejaza kodi za watu mia?

Sheria ya Uingereza haikulinda neno mhasibu. Kinacholindwa ni vyeo maalumu, kama vile mhasibu wa hati ya kifalme wa ICAEW, chama kilichopata hati yake mwaka 1880, au vyeo vya ACCA na vya Taasisi ya Washauri wa Kodi. Kukagua hesabu za makampuni kunahitaji idhini. Kusimamia muflisi kunahitaji leseni. Anayefanya kazi ya uhasibu anatakiwa pia awe chini ya msimamizi kwa ajili ya kuzuia utakatishaji wa fedha, lakini usimamizi huo haumuulizi kama anajua tofauti ya maili na risiti. Kumjazia jirani yako ritani na kumtoza kumekuwa wazi kwa kila mwenye printa. HMRC yenyewe imekadiria kwamba takriban theluthi moja ya wanaofanya kazi hii hawamo katika chama chochote cha taaluma.

Nisije nikaonekana najisifu, niseme kweli kwamba hata neno muuguzi peke yake halikuwa na ulinzi katika sheria za huku. Kilicholindwa ni muuguzi aliyesajiliwa. Mpaka Mei 2025 ndipo serikali ikaahidi kulitungia sheria neno lenyewe. Lakini angalau mimi bila namba hospitali hainipi kitanda hata kimoja.

Wenzetu mlioko nyumbani mtashangaa, kwa sababu kwenye karatasi sisi tuko mbele ya Waingereza. Tanzania tuna Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi, NBAA, iliyoundwa kwa sheria namba 33 ya 1972, na washauri wa kodi wanatakiwa wasajiliwe na TRA. Kenya wahasibu wana ICPAK na mitihani ya KASNEB, na mawakala wa kodi wanapewa leseni chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Uganda wana kamati maalumu ya kusajili mawakala wa kodi chini ya sheria yao ya 2014.

Najua mtaniambia: dada, sheria zipo lakini vishoka nao wapo. Kweli kabisa. Mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo anaogopa kaunta, anamtafuta kijana anayejua mlango wa kuingilia. Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kishoka hazaliwi na kukosekana kwa sheria peke yake. Anazaliwa pale ambapo mlango halali ni wa ghali, unaongea lugha usiyoielewa, na unakutazama kwa dharau. Sisi tulikuja London tukidhani kishoka tumemwacha Kariakoo. Kumbe kishoka wa huku amevaa suti tu.

Serikali ya hapa imeanza kuamka. Hata sisi wauguzi tumeonja. Kwa sare tunayofua wenyewe nyumbani, muuguzi anaruhusiwa kukata pauni 125 kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi, na kwa anayelipa asilimia 20 hiyo ni pauni 25 za kurudishiwa. Kuna makampuni yalikuwa yanatukimbilia na matangazo kwenye simu, yanadai fedha hizo kwa niaba yetu na kuchukua karibu nusu. Mengine yalimsainisha mtu hati ya kuhamisha haki ya malipo, na hata akitaka kujitoa hawezi. Bunge likatunga sheria: hati za namna hiyo zilizosainiwa tangu tarehe 15 Machi 2023 ni batili. Kumbe wakitaka wanaweza.

Machi 2024 serikali ikatoa mapendekezo matatu ili watu watoe maoni: kila mshauri wa kodi alazimike kuwa mwanachama wa chama cha taaluma, au mchanganyiko wa vyama na HMRC, au chombo kipya cha serikali. Kwenye bajeti ya Oktoba 2024 ikatangaza kwamba anayewasiliana na HMRC kwa niaba ya mteja anayemlipa lazima ajisajili, utaratibu uliopangiwa kuanza mwaka 2026.

Nakubali ni hatua, lakini tusidanganyane. Kusajiliwa si kupewa leseni. Usajili huu unauliza kama mtu mwenyewe amelipa kodi zake, kama ana hatia zinazohusika, kama amewahi kuzuiliwa. Haumpi mtihani. Yule bwana wetu angepita, maana sidhani alikuwa mwizi. Naamini alikuwa hajui. Alifundishwa na binamu yake, binamu naye alifundishwa na mtu, na kosa likawa linarithishwa kama shamba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulimsifu sana. Wodini kwangu mtu asiyejua na mwenye nia njema anaua sawasawa na mwenye nia mbaya. Ndiyo maana tunapimwa ujuzi, hatupimwi nia tu.

Upande wa pili una hoja yake, na ni ya haki. Wapo wanaosema leseni itawafukuza wadogo na kuyaachia soko makampuni makubwa. Wenzetu wa Marekani wanaijua kesi hii. Mwaka 2011 IRS ilitoa kanuni za kuwalazimisha watayarishaji wa ritani kufanya mtihani na masomo ya kila mwaka. Watayarishaji wadogo watatu wakaenda mahakamani, katika kesi iliyoitwa kwa jina la Loving. Januari 2013 wakashinda, na Februari 2014 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao kwamba sheria haikuipa IRS mamlaka hayo. Jimbo la Oregon, kwa upande wake, lina leseni yake tangu miaka ya 1970, na watu wake bado wanajaziwa kodi. Kwa hiyo leseni inawezekana. Swali ni leseni ya namna gani.

Mimi jibu ninalo, na lipo dirisha la pili la duka lilelile. Tunakumbuka matapeli wa makaratasi waliokula fedha za wakimbizi na wahamiaji miaka ya 1990. Bunge likatunga Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999, na tangu hapo kumshauri mtu kuhusu viza yake bila idhini ni kosa la jinai. Chombo kilichosimamia kiliitwa OISC, na tangu Januari 2025 kinaitwa Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji. Sikilizeni walivyofanya. Waliweka ngazi tatu. Wa ngazi ya kwanza anafanya mambo mepesi, na kesi nzito anampelekea wa juu. Vyama vya hisani vinavyosaidia watu bure havitozwi ada ya usajili. Mwenzetu anayejua Kiswahili anaweza kuingia kwa ngazi ya chini, akapimwa, akaendelea kuwasaidia wazee wake kwa lugha yao.

Sasa fikirini: kwenye meza ile ile, yule bwana angenijazia fomu ya viza bila idhini, ni jinai. Akamjazia mume wangu ritani iliyotutia hofu ya kuikosa viza hiyohiyo, ni biashara halali. Hii ni akili gani?

Ninachokidai ni hiki: kodi ipewe utaratibu huohuo. Ngazi ya kwanza iwe ya madereva, wasafishaji, walezi, wenye saluni na wenye chumba kimoja cha kupangisha. Mtihani mfupi na wa bei ndogo, bima ya kumlipa mteja aliyeumizwa, na daftari ambalo bibi yeyote anaweza kumwomba mjukuu wake alitazame. Na wanaosaidia bure msikitini au kanisani wasitozwe. Mkiweka mtihani wa mamilioni kwa kazi ya dereva mwenye gari moja, mtamrudisha nyuma ya duka, na huko hamtamwona tena.

Jambo lenyewe lina haraka. Kwa ratiba iliyotangazwa, waliojiajiri na wenye nyumba za kupangisha wanahamishiwa kwenye hesabu za kidijitali zinazopelekwa kila robo mwaka: wenye mapato yanayozidi pauni 50,000 kuanzia Aprili 2026, pauni 30,000 Aprili 2027, na pauni 20,000 Aprili 2028. Mume wangu yumo katika kundi la 2027. Watu waliokuwa wanamhitaji mjazaji mara moja kwa mwaka watamhitaji mara nne na zaidi. Vishoka nao wanasoma magazeti.

Na sisi tuna letu la kufanya kabla ya kumngoja mbunge. Muulize mhasibu wako: wewe ni mwanachama wa chama gani na namba yako ni ipi? Kisha ihakiki kwenye tovuti ya chama hicho. Akikasirika, ondoka. Mwambie akueleze kila tarakimu kabla hujasaini. Asikubali mtu fedha zako za kurudishiwa ziingie kwenye akaunti yake. Kama kipato chako ni kidogo, shirika la hisani la TaxAid linasaidia bure. Na wahasibu wenye vyeti waliomo miongoni mwetu, maana wapo, nawaomba Jumamosi mbili tu kila Januari kwa ajili ya wazee wetu.

Nimalize kwa kujihukumu mwenyewe. Wodini, kabla ya kumchoma mgonjwa sindano ya insulini, namwita mwenzangu aje athibitishe kipimo. Nimefanya hivyo usiku wa saa tisa nikiwa nimechoka hata kusimama ni shida. Lakini ile Januari, nikiwa nyumbani kwangu na chai mezani, niliangalia tarakimu ya mwisho tu na kumwambia mume wangu asaini. Nilimwamini mtu kwa sababu anaongea kama sisi. Lugha moja si cheti, ndugu zangu.

Naomba kuwasilisha.

Muuguzi, Rayners Lane